Mguu wa risasi unatibiwa bure, mguu wa sukari unalipiwa

Watu wawili wanaweza kukatwa mguu juma moja hapa Goma, wote chini ya goti, na munganga wa upasuaji akafanya kazi ile ile. Mmoja anatoka hospitalini na magongo yake bila kudaiwa hata franga mia. Mwingine anabaki kitandani baada ya kupona, kwa sababu fakture haijalipwa na mlinzi wa mlango ameambiwa asimwachilie. Kinachowatofautisha ni kitu kilichowapiga. Wa kwanza alipigwa risasi. Wa pili aligongwa na pikipiki, ao aliumwa na nyoka shambani, ao ana sukari na kidonda cha kidole kikaanza kuoza.

Hakuna anayesema majeruhi wa vita walipe. Kazi inayofanywa katika hospitali ya CBCA Ndosho kwa msaada wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR, watu wa Goma wanaijua vizuri. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati mapigano yalipoingia mjini, majeruhi walijaa kupita vitanda, na waganga pamoja na wauguzi waliwapasua usiku na mchana. Bila ile kazi ya bure, makaburi yangekuwa mengi zaidi. Swali ni lingine: ni nani aliamua kwamba mguu ulioharibika kwa njia nyingine ni shida ya familia peke yake?

Mchukue mama mhami kutoka Masisi. Alikuwa na sukari tangu miaka mingi, na kijijini alikuwa anameza vidonge vyake bila shida. Vita ikafika. Akakimbia na watoto, vidonge vikabaki nyumbani. Akalala kambini juu ya mawe ya volkeno, yale mawe ya Nyiragongo yanayokata kama chupa, na viatu vyake ni kambambili za plastiki zilizopasuka. Mtu mwenye sukari ya muda mrefu mara nyingi hasikii maumivu kwenye nyayo. Jiwe linamkata leo, anagundua kesho kutwa wakati soksi ao kitenge kimelowa. Kambini anapakwa dawa nyekundu na kuambiwa arudi wiki ijayo. Kisha kambi inavunjwa, kama zilivyovunjwa kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya mwezi wa pili 2025, na anaanza kutembea tena kwa mguu ule ule wenye kidonda. Siku anapofika hospitalini, mguu ni mweusi mpaka kwenye kifundo.

Kwenye karatasi ya hospitali huyu mama anaandikwa "ugonjwa wa kawaida". Yaani vita haikumgusa. Anayeandika hivyo afikirie vizuri: ni nini kilichomtoa kwenye vidonge vyake, ni nini kilichomvua viatu, ni nini kilichomlaza juu ya mawe? Risasi haikuingia mguuni, ni kweli. Vita iliingia.

Fakture inavyopanda

Familia nyingi zinafikiri bei ya kukatwa mguu ni bei ya upasuaji. Wanauliza "operesheni ni dola ngapi?" Wanapewa jibu, wanahangaika, wanapata ile pesa, halafu wanashangaa fakture ya mwisho ni kubwa mara mbili ao tatu. Haikuongezwa na mchawi. Upasuaji ni mstari mmoja tu kwenye karatasi ndefu.

Mbele ya upasuaji kuna fishi, kuna kuonana na munganga, kuna picha ya radio ya mfupa, kuna vipimo vya damu: kundi la damu, wingi wa damu, sukari, figo. Kuna ile pesa ya kutangulia wanayoiita kosyo, ambayo bila hiyo mara nyingi mgonjwa haingizwi chumbani. Siku ya upasuaji kuna dawa ya kulaza ao ile sindano ya mgongoni, kuna uzi, glovu, nyembe, bandeji, pamba, serumu. Kama damu imepungua kunatakiwa mfuko wa damu, na familia inaambiwa ilete ndugu wa kutoa damu kisha ilipie vipimo vya ile damu. Halafu kunakuja sehemu ambayo hakuna anayeihesabu mapema: kufunga kidonda kila siku, dawa za kuzuia vijidudu za sindano, dawa za maumivu, kitanda, siku baada ya siku. Kwa mtu mwenye sukari kidonda kinapona polepole, kwa hiyo karatasi inazidi kurefuka. Na kama kuoza kumepanda juu, anarudishwa chumbani akatwe tena. Hapo mistari yote inaanza upya.

Nje ya fakture kuna fakture nyingine isiyoandikwa. Chakula hospitali haitoi. Dada ao binti anaacha kuuza sombe sokoni ili akae karibu na mgonjwa, kwa hiyo nyumba inapoteza pato lake pia. Kuna pikipiki ya kwenda na kurudi, kuna makala ya kupikia nyuma ya hospitali, kuna dawa ambayo famasi ya ndani haina na lazima inunuliwe barabarani kwa bei anayoitaka muuzaji. Tangu benki zilipofunga milango Goma mwishoni mwa Januari 2025 na kiwanja cha ndege kikasimama, hata pesa ya ndugu aliye Kinshasa ao Ulaya inapitia kwenye simu, na kila mkono unaoigusa unabakiza kidogo.

Msikilizaji apige hesabu mwenyewe. Ichukuliwe, kwa mfano tu, fakture ya dola 400. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 zaidi ya Wakongomani 7 kati ya 10 waliishi na pesa isiyofika dola 2 na senti 15 kwa siku. Mama muuza ndizi ambaye ataweza, kwa nguvu sana, kuweka kando dola moja kila siku bila kukosa, bila mtoto kuugua, bila kodi ya nyumba kufika, atamaliza lile deni baada ya siku 400. Mwaka mmoja na zaidi ya mwezi. Na huyo ni mama mwenye miguu miwili.

Kuchelewa kunalipiwa kwa goti

Watu wa usimamizi wanapenda kusema kosyo ni ulinzi wa hospitali. Iangaliwe inafanya nini mwilini mwa mgonjwa.

Kidonda kinachooza hakingoji likelemba imalize mzunguko. Leo munganga anaweza kukata vidole. Wiki ijayo atakata chini ya goti. Wiki nyingine, juu ya goti, kama mgonjwa bado anapumua. Goti si kitu kidogo. Mtu aliyebaki na goti lake anajifunza kutembea na mguu wa bandia kwa nguvu chache zaidi, anapanda ngazi, anainuka chini peke yake. Aliyelipoteza anatumia nguvu nyingi kwa kila hatua, na mzee aliyechoka mara nyingi anaacha kabisa, anabaki amekaa. Kwa hiyo zile siku tano za kutafuta kosyo kwa jirani, kwa kanisa na kwa shefu wa avenyu zinaweza kula goti la mtu. Hata kwa hesabu baridi ya karani wa fedha haina maana: mguu uliochelewa unataka vitanda vya siku nyingi zaidi, damu zaidi, dawa zaidi, na deni linalobaki ni kubwa zaidi na halilipiki. Hospitali yenyewe inapoteza.

Tena kuna wanaochelewa kwa sababu wanaogopa. Wamesikia habari ya jirani aliyezuiliwa, wanaenda kwanza kwa mganga wa kienyeji ao kwa yule anayefunga mifupa kwa mianzi. Mguu uliovunjika kwa pikipiki unafungwa kwa nguvu mpaka damu haipiti, na baada ya siku chache vidole vimekuwa baridi na vyeusi. Watu wa hospitali wanawacheka hawa na kuwaita wajinga. Wasiwacheke haraka. Mtu anayechagua mianzi kwa sababu mianzi inalipwa kwa kuku amepiga hesabu, na hospitali ndiyo iliyomlazimisha apige hesabu hiyo.

Kitanda kinapogeuka gereza

Sasa jambo ambalo kila mtu analijua na wengi wanaliona kama desturi. Mgonjwa amepona, munganga amesaini atoke, lakini hatoki. Hospitali inamweka. Mahali pengine anahamishwa kwenye chumba cha wadaiwa, analala juu ya sakafu ili kitanda kichukuliwe na mwingine. Mahali pengine wanamwachilia lakini wanabakiza rehani: karte ya uchaguzi, simu, godoro, hata karatasi za mtoto. Na kila siku anayokaa ndani, kwenye hospitali zingine, bado inahesabiwa kwenye deni. Yaani anazuiliwa kwa sababu hana pesa, na kuzuiliwa kwenyewe kunamwongezea deni. Aliyepanga mambo hivi hakuwahi kudaiwa.

Desturi hii haiko Kivu peke yake. Wachunguzi waliandika juu ya wazazi waliozuiliwa na watoto wao wachanga Lubumbashi, na kituo cha Chatham House cha London kilitoa ripoti mwaka 2017 kuhusu nchi nyingi ambako hospitali zinawafunga wadaiwa, Kongo ikiwa ndani. Lakini kuenea kwake hakuifanyi iwe halali. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 17, inasema uhuru wa mtu ndio kanuni, na kwamba hakuna anayefungwa isipokuwa kwa sheria na kwa njia iliyopangwa na sheria. Mkurugenzi wa hospitali si jaji. Msimamizi wa fedha si mwendesha mashtaka. Na mapatano ya kimataifa juu ya haki za kiraia na za kisiasa, ambayo nchi hii iliingia mwaka 1976 ikiitwa bado Zaïre, yanakataza katika kifungu cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza deni la mkataba. Deni ni deni. Lina njia zake: karatasi ya kulipa kidogo kidogo, mdhamini, baraza. Kufuli kwenye mlango wa mgonjwa mwenye mguu mmoja si mojawapo.

Hospitali inajibu nini

Haki inataka jibu lao lisikiwe, na jibu lao lina uzito. Wauguzi wengi hawapati mshahara wa serikali, ao wanapata kitu kidogo kinachofika kwa kuchelewa. Pato lao linatoka kwenye pesa ya wagonjwa. Mafuta ya jenereta, oksijeni, maji, sabuni, vyote vinatoka hapo hapo. Sehemu nyingine ya pesa inapanda juu, kwenye ofisi zinazosimamia afya. Mkurugenzi anayesamehe fakture kumi kwa mwezi atakosa kulipa watu wake, na hospitali bila wauguzi haimkati mtu mguu, inamwacha afe.

Yote hayo ni kweli. Ila yanaonyesha kidole kwa serikali. Hayamruhusu mtu kukishika kitanda cha mgonjwa. Muuguzi anayekosa mshahara na mama anayekosa kosyo wamewekwa wapigane wao kwa wao kwenye mlango wa kasa, na aliyepaswa kuwalipia wote wawili hayupo hapo. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema haki ya afya inahakikishwa. Sheria nambari 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 iliweka misingi ya afya ya watu wote na kuongelea afya kwa wote. Mwezi wa nne 2001, Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kupatia afya asilimia 15 ya bajeti zao. Hiyo ahadi ina umri wa mtu mzima anayepiga kura sasa, na Kongo haijaifikia.

Mwaka 2023 serikali ilianza kulipia uzazi bila malipo, kwanza Kinshasa mwezi wa tisa, kisha mikoa mingine. Ni hatua nzuri, na kelele zote za hospitali kudai hazijalipwa kwa wakati haziondoi uzuri wake. Lakini ilionyesha jambo moja: pale serikali inapotaka, fakture inaweza kuondolewa mikononi mwa mgonjwa. Kwa hiyo upasuaji wa kuokoa maisha, na kukata mguu unaooza ni mmoja wao, unaweza kuingizwa kwenye orodha ile ile. Wanaokatwa miguu ni wachache sana mbele ya wanaozaa. Hawataifilisi nchi.

Na wakati Kinshasa inangoja, na wakati mamlaka zinazoshika miji hii zinajivunia usalama na usafi wa barabara, kuna mambo yasiyohitaji dola hata moja. La kwanza: bei ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, bei moja ya jumla ya kukatwa mguu tangu kuingia mpaka kutolewa uzi. Bei ya jumla si ndoto. Kisantu, katika Kongo-Central, walishafanya hivyo kwa matibabu ya hospitali, kwa ruzuku kidogo juu yake, na watu wakaenda kujitibisha zaidi. La pili: kosyo isidaiwe mbele ya upasuaji wa haraka, hata siku moja. La tatu: anayetoka atoke, na karatasi ya deni, sahihi ya mdhamini na tarehe za kulipa.

Mashirika ya msaada nayo yasikie. Kugawa wagonjwa kwa risasi na kwa ugonjwa kulikuwa na maana pale vita ilipokuwa ya wiki mbili. Vita ya miaka thelathini imeingia kwenye sukari, kwenye presha, kwenye barabara zisizo na taa ambako pikipiki zinakimbia. Katika wagonjwa wa sukari wanaokatwa mguu, kama 85 kwa 100 walianza na kidonda cha nyayo ambacho kingeonekana na kutibiwa. Jozi ya viatu vilivyofungwa, vidonge visivyokatika, na muuguzi wa kambi anayeambia watu wavue viatu waangaliwe miguu: vitu hivi vitatu vikigawiwa pamoja na unga na maharagi vingebakisha miguu mingi mahali pake. Kwenye mgao wa kambi kuna ndoo, kuna sabuni, kuna shiti. Viatu vya mgonjwa wa sukari, nani aliviona?

Baada ya kutoka

Deni la mguu haliishi siku ya kutoka. Kisiki kinataka wiki nyingi, mara nyingi miezi, kabla ya kukubali mguu wa bandia. Goma kuna kituo cha Shirika la Umoja, Bukavu kuna Heri Kwetu, vyote vimesaidiwa na CICR kutengeneza miguu ya plastiki ya polipropilini na kufundisha watu kutembea. Mtu wa Pinga ao wa Shabunda afikeje huko, alale wapi, ale nini wakati wa mazoezi? Mguu wa mtu mzima unatakiwa kubadilishwa kila miaka mitatu mpaka mitano. Wa mtoto, kila miezi sita mpaka mwaka, kwa sababu anakua, na wakati mwingine mfupa wa kisiki unakua kupita nyama na anarudishwa kwa munganga. Mtoto aliyekatwa akiwa na miaka saba atabadilisha miguu kumi na zaidi kabla ya kuwa mtu mzima. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya watu wenye ulemavu imeandikwa vizuri, wajumbe waliipigia makofi. Pesa ya ile miguu kumi iko kwenye bajeti gani?

Kwa familia iliyo na mgonjwa ndani leo: ombeni fakture iliyoandikwa mstari kwa mstari, kila baada ya siku tatu, msingoje ya mwisho. Ulizeni kama hospitali ina mtu wa huduma za jamii, na muonane naye siku ya kwanza, mbele ya kasa. Mhami aseme wazi kwamba ni mhami, alikotoka na tarehe aliyokimbia, na aombe iandikwe kwenye fishi, kwa sababu kuna misaada inayopita kwa wale walioandikwa tu. Msiache karte ya uchaguzi kama rehani. Andikeni karatasi ya deni, isainiwe na shefu wa avenyu ao kiongozi wa kambi, nakala moja ibaki kwenu. Na mgonjwa akizuiliwa baada ya munganga kusaini atoke, tarehe hiyo iandikwe mahali, na siku zinazofuata zisilipwe.